Galaksi Hafifu, na Mwaka Yaya Alipohama Johannesburg

Wakati ule nilikuwa siwezi kutulia. Chuoni nikikaa mezani, mguu wangu ulicheza chini mpaka aliyekaa jirani yangu akahamishia kompyuta yake upande wa pili wa chumba. Nyumbani niliosha sufuria ambazo hazijatumika, nikakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, nikafungua dirisha, nikalifunga. Dada yangu mkubwa alinitazama kutoka kitandani kwake.

"Wee, kaa. Unanichokeshaka macho."

Nilimwita Yaya. Kwetu Uvira, upande wa Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, ingawa Mtanzania mmoja tuliyepanga naye alicheka kila aliponisikia, maana kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Yaya mwenyewe hakujali. "Si nilikulea?" alisema. Na kweli alinilea. Yeye ndiye aliyenileta Johannesburg nikiwa bado nasoma sekondari, akanitafutia shule, akakaa nami jikoni nikijifunza Kiingereza naye akijifunza humo humo kwa kusikiliza.

Tuliishi chumba cha mbele katika nyumba kuukuu ya Bellevue. Zamani ilikuwa nyumba ya familia moja. Sasa ukumbi ulikuwa umekatwa kwa mbao nyembamba ukawa vyumba, na kila chumba kilikuwa na watu wake: Warundi nyuma yetu, huyo Mtanzania upande wa pili wa ukuta wetu, na mtu na mkewe kutoka Lubumbashi karibu na bafu. Sote tulisema Kiswahili, kila mtu na cha kwao, kikichanganyika na Kifaransa na Kiingereza na Kizulu cha barabarani. Mmoja akiwasha jiko la umeme na mwingine pasi, umeme wa nyumba nzima ulikatika, na kelele zikaanza: "Nani tena? Eish, nani tena?"

Yaya alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa Rosettenville, chumba kimoja chembamba kilichopakana na duka la mikate la Mreno mmoja mzee. Alishona vitenge vya akina mama wa kanisani, sare za shule, na nguo za harusi, hasa zile za wasindikizaji wa bibi harusi, ambazo huwa nyingi, zote za rangi moja na maumbo tofauti kabisa. Alipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na mwisho. Nguo inakatwa, inashonwa, inavaliwa, watu wanapiga picha, basi.

Kazi yangu haikuwa hivyo, na alishindwa kuizoea. Nilipomwambia kwamba nitasoma fizikia, aliwaambia kanisani kwamba nasomea udaktari, kwa tumaini kwamba vitu hivyo viko karibu. Nilipoingia shahada ya pili mwaka 2015 na kuanza kusoma mambo ya anga, alibadilisha akasema nasoma nyota. Jumapili iliyofuata mama mmoja alinivuta pembeni akaniomba nimwangalie mwanawe kama safari yake ya kwenda Kanada itafaulu. Nilimweleza kwamba mimi si mpiga ramli. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyenyimwa kipaji.

Mambo niliyosoma yalikuwa hivi. Ulimwengu ulipokuwa mchanga sana ulikuwa wa moto, na chembe zake zilitawanyika, elektroni huku na protoni kule. Ulipopoa, zikakamatana, zikawa atomu za haidrojeni. Gesi hiyo ilijaa kila mahali, na nyota hazikuwepo bado. Halafu nyota za kwanza zikawaka, zikakusanyika katika galaksi ndogo ndogo, na mwanga wao mkali, ule wa urujuanimno ambao jicho halioni, ukaanza kuzipasua zile atomu upya. Mpaka ulimwengu unatimiza takriban miaka bilioni moja, karibu haidrojeni yote iliyokuwa kati ya galaksi ilikuwa imepasuliwa, na imebaki hivyo hadi leo. Jambo hili wataalamu huliita uayonishaji upya. Kwamba lilitokea, hatuna shaka. Ubishi ulikuwa juu ya nani aliyelifanya.

Galaksi kubwa zenye mwanga mkali zilikuwepo, lakini zilikuwa chache, na ukijumlisha mwanga wa zile tunazoziona, hesabu haitoshi. Kwa hiyo wengi tuliamini kwamba kazi ilifanywa na galaksi hafifu, ndogo mno, zisizohesabika, kila moja na mwanga wake kidogo. Ila kuamini ni rahisi. Galaksi hizo ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili kutufikia, na hafifu kiasi kwamba darubini iliyo bora kuliko zote angani haiwezi kuzipata peke yake.

Inahitaji msaada. Kuna makundi makubwa ya galaksi, mazito sana, ambayo uzito wake hupinda mwanga unaopita karibu nayo. Galaksi hafifu ikiwa nyuma kabisa ya kundi kama hilo, mwanga wake unapindwa na kukuzwa, kama maandishi madogo chini ya kioo cha fundi saa. Tatizo ni kwamba kioo chenyewe kinang'aa. Unatafuta cheche nyuma ya taa za uwanja wa mpira.

Kazi yangu ilikuwa kuzima taa hizo. Nilichukua picha za kundi moja, nikaandika programu ya kukadiria mwanga wa kila galaksi kubwa iliyo mbele, na kuuondoa kidogo kidogo hadi kibaki kile kilicho nyuma. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Na mwishoni mwa 2016 vikatokea: vitone. Vitone vya kijivu ambavyo havikuwepo kwenye picha ya mwanzo, vimezunguka kundi zima, hafifu kuliko chochote tulichowahi kuona katika picha zile.

Msimamizi wangu alikuwa mwanamke wa Pretoria, mwenye nywele fupi nyeupe, mtu wa kusema kwa sauti ya chini hata akiwa na hasira. Alikuja mezani kwangu, akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Hivi viko hapo kweli?" aliniuliza.

"Nadhani viko, Profesa."

"Kama viko, basi galaksi hafifu zinatosha. Hatuhitaji kutafuta kitu kingine." Alinyooka. "Kuna mkutano Cape Town mwezi wa tatu. Nitaomba nafasi ya kuvionyesha."

Ilitakiwa nifurahi. Wenzangu walinipigia makofi, mmoja akaleta keki. Mimi nilikwenda chooni nikasimama mbele ya sinki, maji yakimwagika bure, nikawaza lile neno nililolisema. Nadhani.

Tangu siku hiyo sikukaa tena. Nilitembea kwa miguu kutoka chuoni hadi Bellevue, mwendo wa zaidi ya saa nzima, nikisimama kwenye kila robot kusubiri taa iwe ya kijani hata pale ambapo hakuna gari. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: je, programu yangu inaonyesha vitone vilivyopo, au inavitengeneza? Maana ukiondoa mwanga wa kitu kikubwa na ukakosea kidogo tu, hapa unaondoa zaidi, pale unaondoa pungufu, na pale palipobaki ziada panaweza kuonekana kama galaksi.

Nilianza kupima. Nilipandikiza galaksi za uongo ndani ya picha, nilizozitengeneza mwenyewe na kuujua mwanga wake, kisha nikaipa programu kazi ya kuzitafuta. Zile za mwanga wa kadiri ilizipata. Zile hafifu sana ilizipata nyingine na nyingine ikazikosa, jambo ambalo si baya. Lakini kipimo hicho kiliniambia tu kama naona vilivyopo. Hakikuniambia kama naona visivyokuwepo.

Ndipo ukaja mwezi wa pili, na Rosettenville ikachafuka.

Ilianza kama maneno ya watu, kwamba nyumba fulani zinauza dawa za kulevya na miili ya wasichana. Kisha nyumba zikachomwa moto. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena nyumba ipi ilikuwa inafanya nini. Kila mgeni alikuwa akisubiri zamu yake. Yaya alinipigia simu asubuhi nikiwa chuoni.

"Niko dukani," alisema. "Nimefunga kwa ndani."

"Toka huko, Yaya."

"Nitoke na nini? Mashine ziko hapa. Nguo za watu ziko hapa. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Mume wa yule mama wa Lubumbashi alikuwa na bakkie, gari dogo lenye sanduku wazi nyuma, alilolitumia kubebea watu samani. Nilimpigia, akaja kunichukua bila kuuliza mengi. Tulifika Rosettenville kabla ya saa sita mchana. Mtaa wa Yaya ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio ulionitisha. Milango ya chuma ilikuwa imeshushwa, isipokuwa ya yule Mreno, ambaye alisimama nje ya duka lake la mikate akiwa amekunja mikono, kama anayesubiri basi. Kutoka mtaa wa pili moshi ulipanda.

Niligonga. "Ni mimi, Yaya."

Alifungua kidogo, akachungulia, kisha akafungua wote. Alikuwa amekwisha kufunga kila kitu. Mashine mbili za umeme zilikuwa zimeviringishwa ndani ya blanketi, nyuzi kwenye ndoo, na magauni ya wasindikizaji, rangi ya chungwa iliyokolea, yamelazwa ndani ya shuka safi kama mtoto anayelala. Tulibeba. Yule Mreno aliweka mikono yake chini akaja kutushikia upande mmoja wa meza ya kukatia. Kisha alimwambia Yaya kwa Kiingereza chake kizito kwamba atauangalia mlango. Yaya akamshukuru kwa Kireno, neno moja alilolijua.

Tulipokuwa tunaondoka, kikundi cha watu kilikuwa kinakuja kutoka upande wa Turffontein, wanaume wengi wao, wakiimba, wengine na fimbo. Dereva wetu hakuharakisha. Alizungusha gari polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, akaingia barabara ya nyuma. Nilikaa nyuma pamoja na mizigo, nimekumbatia mashine moja, na nilisikia ule wimbo kwa muda mrefu hata baada ya kutouona msafara. Ilikuwa nzuri, ile sauti ya watu wengi pamoja. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Duka halikuchomwa. Lilivunjwa baadaye jioni, wakachukua kioo cha ukutani, viti, na pazia. Mreno alitupigia kesho yake kutuambia. Alisema alijaribu kuwazuia na mmoja akamsukuma.

Kwa hiyo Yaya alihamishia kazi chumbani kwetu. Meza ambayo niliweka kompyuta ikawa nusu yake na nusu yangu. Umeme wa nyumba haukuweza kubeba mashine yake na jiko la Warundi kwa wakati mmoja, basi akaazima cherehani ya mkono kutoka kwa mama mmoja wa kanisani. Kutwa nzima kulikuwa na sauti yake, *tiki-tiki-tiki*, anazungusha, anasimama, anageuza kitambaa, anazungusha. Mimi sikwenda chuoni wiki ile. Niliwasha kompyuta kwa betri nikaendelea na vipimo vyangu kando ya ile rangi ya chungwa.

Wazo lilinijia nikiwa namtazama akishona. Aliligeuza gauni ndani nje ili aone mshono, na mimi nikafikiri: nigeuze picha ile iliyokwisha kuondolewa mwanga. Kilicho cheupe kiwe cheusi, na kilicho cheusi kiwe cheupe. Galaksi halisi ni mwanga, na katika picha iliyogeuzwa itakuwa shimo, wala programu haitaipata. Programu ikipata kitone chochote katika picha iliyogeuzwa, kitone hicho ni cha uongo. Ni kosa la kuondoa mwanga kupita kiasi, limevaa sura ya galaksi, na penye kosa hilo huwepo pia lile la kuondoa pungufu.

Niligeuza. Niliiacha programu ifanye kazi, nikasimama, nikatembea mpaka bafuni na kurudi, nikaenda mpaka getini na kurudi.

Nilipokaa, kioo kilikuwa kimejaa vitone.

Vilikusanyika hasa karibu na galaksi kubwa za katikati, mahali pale pale ambapo vile vyangu vizuri vilikuwa vingi zaidi. Nilitoa sauti fulani, maana Yaya alisimamisha mkono.

"Nini?"

"Kazi yangu. Imeharibika."

Alikuja akasimama nyuma yangu na uzi mdomoni. "Onyesha."

Nilimwonyesha picha ya kwanza, nikamnyooshea kidole kwenye vitone. Aliinama.

"Hapa sioni kitu."

"Viko. Vidogo sana. Hapa, na hapa."

"Na hivi ndivyo umetafutaka miaka yote hii?"

"Ndiyo. Lakini sasa sijui kama vipo."

Alitoa uzi mdomoni. Nilidhani atacheka. Badala yake uso wake ulibadilika, na nikaona uchovu ambao nilikuwa sijauona hata siku ile ya moshi.

"Hujui," alisema. "Nilikaa hapa nikingoja uniambie kitu kimoja. Watu kanisani wananiuliza, mdogo wako anafanya nini, nasema subiri, atamaliza, atatuambia. Wakaja watu na fimbo, nikasema niondoke, hapana, mdogo wangu hajamaliza. Na leo unaniambia hujui?"

"Yaya, hii ndiyo kazi yenyewe. Kujua kwamba hujui..."

"Usinifundishe." Alirudi kwenye cherehani. "Mimi nataka kuhama."

Alilisema akiwa amenigeuzia mgongo. Kumbe alikuwa analo siku nyingi. Rafiki yake wa Uvira alikuwa na karakana ya kushona Lusaka, mafundi kadhaa, kazi nyingi, na alimwomba aje washirikiane. Yaya alikuwa amekataa mara kwa mara kwa ajili yangu. Sasa hatakataa.

"Twende wote," alisema. "Hata Lusaka kuna vyuo."

Akazungusha ule mkono, *tiki-tiki-tiki*, na mimi nikakaa nikitazama vitone vya uongo, nikishindwa kuondoka na kushindwa kubaki.

Jumatatu nilikwenda kwa Profesa. Mkutano wa Cape Town ulikuwa umekaribia na jina lake lilikuwa tayari kwenye ratiba. Nilimwonyesha picha iliyogeuzwa. Aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Kwa nini uliigeuza?" Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nilitaka kujua."

"Ungeweza kunitaka ushauri kwanza."

"Ndiyo, Profesa."

"Sasa unataka nikasimame mbele ya watu wote wale niwaambie nini?"

Alisema niondoke, nami niliondoka. Nilizunguka bustani ya chuo mara nyingi kiasi kwamba mlinzi mmoja, Mkongo mwenzangu, aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwa siku kadhaa Profesa hakunipigia. Nilianza kuangalia nauli za basi la kwenda Lusaka, bila kumwambia Yaya. Kisha Profesa akanitumia ujumbe mfupi: njoo. Nilimkuta amebandika picha zangu mbili ukutani, ya kawaida na iliyogeuzwa, na amechora duara kwa kalamu nyekundu kuzunguka galaksi kubwa.

"Tazama," alisema. "Vya uongo vyote viko ndani ya duara. Nje ya duara karibu hakuna. Tupa vyote vya ndani. Hata vile tunavyovipenda."

"Vitabaki vichache."

"Vitabaki vya kweli." Kisha alikaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka kama mtu wa kawaida. "Nilivitaka sana vitone vile," alisema. "Hilo ndilo tatizo la kutafuta kitu hafifu. Macho yanakuonea huruma."

Tulivitupa pamoja. Vilivyobaki havikutosha kutangaza kwamba tumelimaliza suala. Vilitosha kwa jambo dogo zaidi: kadiri ulivyoshuka kwenda kwenye mwanga hafifu, idadi ya galaksi iliendelea kupanda, haikukatika, mpaka pale ambapo jicho letu linafika kwa uhakika. Chini ya hapo hatukujua, nasi tuliandika kwamba hatujui. Inawezekana chini ya hapo ni nyingi zaidi. Inawezekana pia kwamba zile ndogo kabisa zilizima mapema, kwa sababu mwanga ule ule uliopasua haidrojeni uliipasha gesi joto, na galaksi ndogo haina uzito wa kuizuia gesi ya moto isitoroke. Bila gesi haizai nyota nyingine.

Profesa alikwenda Cape Town na grafu ya kawaida tu. Aliporudi aliniambia kwamba kuna kundi jingine la watafiti lililoonyesha vitone vingi kuliko vyetu, na kwamba ukumbi ulishangilia, halafu mtu akasimama akauliza kama wamegeuza picha yao. "Nilinyamaza," alisema. "Lakini nilikufikiria."

Yaya aliondoka mwezi wa sita. Harusi ya magauni ya chungwa ilikuwa imefanyika, watu wakapiga picha, bibi harusi akatuletea keki. Tulikwenda Park Station asubuhi ya baridi, amevaa makoti mawili kwa sababu yasingeingia kwenye sanduku. Mashine zake zilikuwa zimetangulia kwa lori. Hakuniuliza tena kama naenda naye. Alijua. Aliponishika mkono aliufinya mpaka nikaumia.

"Ukimaliza, uje," alisema.

"Nitakuja."

"Na ule. Unasahauka kula."

Basi lilipotoka nilibaki nimesimama mahali palepale, kati ya watu wenye mizigo ya plastiki yenye mistari, na kwa muda nilikuwa nimetulia kabisa, kama kitu kilichomwagwa chini. Kisha nikaanza kutembea, na nikatembea siku nzima.

Miaka miwili iliyofuata nilihama mara tatu. Bellevue ilikuwa na nafasi kubwa mno bila ile cherehani. Nikaenda kwa mwanafunzi mwenzangu, kisha chumba kimoja Turffontein, ambapo siku za mashindano nilisikia watu wakishangilia farasi. Kazi yenyewe ilibadilika. Badala ya kutafuta galaksi zilizopasua haidrojeni, nilijiunga na watu waliojaribu kuisikiliza haidrojeni yenyewe, kwa antena za redio zilizotandazwa Karoo, nyika kame iliyo mbali na kila mji. Atomu ya haidrojeni ikiwa bado nzima hutoa wimbi dogo la redio, ikipasuliwa hunyamaza. Ukiweza kusikia wapi ilinyamaza kwanza, utajua ni akina nani walioipasua. Tulikuwa bado hatujasikia chochote zaidi ya kelele. Kila wiki mtu alileta grafu ya kelele zilizopungua kidogo, na tukashukuru.

Nilikwenda Karoo mara moja. Simu zilizimwa kwa sababu zinaingilia antena. Ukimya ule ulinishinda. Wenzangu walikaa kwenye viti wakitazama nyika, mimi nikahesabu nguzo za uzio.

Nilimaliza masomo mwaka 2019. Siku nilipovaa joho Yaya hakuweza kuja, kulikuwa na kazi ya sare za shule nzima. Baadaye mwaka huo watu walianza tena kukimbizana mitaani kwa fimbo, safari hii karibu na nilipoishi, na mimi nilijifungia ndani siku mbili nikamtumia ujumbe kila saa kumwambia kwamba sijambo. Mwezi wa kumi na mbili nilipanda basi kwenda Lusaka.

Karakana ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, ina bati jipya na mafundi wa kike wanaoimba wakifanya kazi, wengi wao Wakongo. Yaya alikuwa amenenepa. Alinionyesha kwa kila mtu. "Huyu ndiye mdogo wangu, anatafutaka galaksi zile ndogo zilizopasua..." alisita, akanitazama.

"Haidrojeni."

"Haidrojeni ya ulimwengu wote," alimalizia. "Na zile za uongo alizitupa mwenyewe."

Siku mbili za kwanza nililala. Ya tatu nilianza. Niliamka mapema, nikafagia uwanja, nikapanga nyuzi kwa rangi, nikazipanga tena kwa unene, nikaenda mpaka barabarani kuona kama kuna kitu barabarani. Niliporudi Yaya alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Umekwisha kutuchoka?"

"Hapana, Yaya. Ni miguu tu."

"Najua miguu yako." Alikwenda kwenye rundo la sare, akachomoa sketi ya bluu iliyoshonwa vibaya, akanipa pamoja na wembe mdogo wa kufumulia. "Keti pale karibu na dirisha. Fumua mshono wote wa kiuno. Taratibu, usikate kitambaa."

Niliketi. Uzi ulikuwa wa rangi ya kitambaa chenyewe na ilinibidi niinamishe sketi kwenye mwanga ili niuone. Fundi aliyekaa jirani yangu alinisogezea kigoda niweke miguu, nami nikaanza kufumua.